Lelgut Halii Tena Kwenye Kona

Matairi makubwa yameingia na hayagusi! Baba Jeruto, unasikia? Hayagusi popote! Si madigadi, si springi, si ukikata kushoto, si ukikata kulia. Na mzigo umejaa mpaka juu! Na mvua inanyesha!

Haya, sasa nikusalimu. Nimekuja na miguu ya nyuma mbele kama ndama anayezaliwa vibaya, lakini habari ilikuwa imenijaa mdomoni, ningefanya nini? Hujambo huko uliko? Sisi hapa Kesses tuko wazima, mahindi yamefika magotini, na yule ng'ombe wako wa mabaka amezaa tena jike. Usicheke mwandiko wangu. Najua ulikuwa ukisema herufi zangu zinatembea kama mbuzi wanaoenda mtoni, kila moja na njia yake. Lakini si zinafika?

Ni Jeruto. Nani mwingine? Ni msichana wako. Niambie, katika Uasin Gishu hii yote, kutoka hapa mpaka Timboroa, ni mama gani mwingine anaweza kusema binti yake amelala chini ya landrova na akatoka na jibu? Mimi nasema hakuna. Jumapili nilisema hivyo nje ya kanisa, na hakuna aliyenibishia. Mke wa mwalimu alikohoa tu.

Lakini ngoja nianze pale ulipoachia, maana mambo mengi yamepita juu ya kichwa chako.

Unakumbuka malori ya kujenga chuo yalipoanza kupita huku, barabara yetu ikageuka kuwa mifereji miwili mirefu. Ndipo ukampeleka Lelgut, landrova yako ya mdomo mweupe, mjini akaongezewa springi za lori, akarudi amesimama juu juu kama korongo. Ulijivuna wewe! Kila mtu aliambiwa, "Sasa mto hautanizuia." Ukamvalisha na matairi makubwa. Siku ya kwanza tu, ulipokata kona ya mkaratusi, tukasikia krrrrr. Ukashuka, ukachungulia, ukasema, "Ni mapya tu, atayazoea." Kama vile ni kiatu.

Hakuzoea. Ulichukua msumeno ukakata madigadi, akaendelea kulia. Ukakata tena. Mpaka mwisho nilikuwa nikisikia hiyo krrrrr kule kwenye mkaratusi naweka maji ya chai motoni, maana nilijua ni wewe. Sikukuambia hivyo ulipokuwa hai. Ningekuambia ungejivunia hata kelele.

Halafu tairi likaliwa kando mpaka nyuzi zikatoka, likapasuka maziwa ya jirani yakiwa ndani ya gari. Ukarudisha yale madogo. Mama Njeri wa dukani akapita akamwona Lelgut, mwili juu na magurudumu madogo chini, akasema, "Huyu sasa ni mzee amevaa kaptura." Ulikasirika ukakataa kununua sukari kwake mpaka nikakutania ukacheka.

Na ni hayo madogo yaliyokuwa miguuni mwake ile wiki tuliyokulaza. Hapa nitaandika haraka. Ilinyesha kama imetumwa. Tulimtuma Lelgut aende Timboroa, kule juu karibu na msitu, amlete Kogo, mama yako, aje akuzike. Hakuvuka hata mto wetu. Alikaa kwa tumbo kwenye matope, magurudumu yakizunguka bure. Tukangoja. Mchungaji akangoja. Mwishowe wazee wakasema maiti haiwezi kungoja barabara. Tukakuzika bila mama yako.

Kogo hajalia mbele ya watu. Alituma neno moja tu kupitia dada yako: "Mkono wangu bado haujamwaga udongo." Kila mwezi neno ni hilo hilo, na barabara haijakauka tangu siku hiyo. Na wewe unamjua, hawezi kupanda migongo ya vijana wala trekta, kiuno kimekataa, na anazeeka, Baba Jeruto. Anazeeka kila nikimwona.

Basi Lelgut akasimama chini ya misipresi. Kuku wakapanda. Ndugu yako mkubwa, Kibet, akaja na maneno yake. Unamjua Kibet, akipenda kitu anakitukana. Alisimama pale na fimbo akasema, "Chuma hiki sasa kinazaa mayai tu. Nimepata mtu wa vyuma vikuukuu. Palizi ikiisha, anakuja kukichukua." Mjane akisema sana mbele ya mashemeji anaitwa kichwa ngumu. Lakini Jeruto alikuwa amekuja likizo kutoka gereji anakofanya kazi, ile ya mjini karibu na mtaa wa West Indies, na huyo hana shemeji. Akamwambia, "Baba mkubwa, nipe hii mvua. Nikishindwa kumleta Kogo kwa Lelgut, uza, na kuku hawa uwachukue pia."

Kibet akamwangalia. "Wewe msichana unataka kuniambia utashinda alichoshindwa baba yako?"

"Baba hakushindwa," akasema. "Alipima gari likiwa tupu."

Nataka usikie hilo vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nililielewa baada ya kueleweshwa kama mtoto. Ulipima Lelgut akiwa amesimama hapo nyasini, hana mzigo, magurudumu yametazama mbele. Hapo hata mimi naona nafasi inatosha, unaweza kupitisha mkono. Lakini gari likisimama halina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza likibeba, likikata kona, na gurudumu moja likipanda juu na lingine likiingia shimoni. Na jambo lingine: zile springi zako ziliinua mwili peke yake. Lile bonge la chuma katikati ya ekseli, lile lililolala kwenye matope siku ile, springi haziliinui hata kidogo. Kinacholiinua ni tairi tu. Kwa hivyo ulikuwa sawa kutaka makubwa! Jeruto alisema hivyo mbele ya Kibet, kwa sauti. "Baba alikuwa sawa." Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Mwenye gereji alimpa matairi ya gari moja la msituni, na rimu zake, kwa vile amemfanyia kazi vizuri. Rimu hizo zinatokeza nje kidogo, tairi linakaa mbali na springi. Akayafunga. Sasa kazi ikawa kujua yatagusa wapi, maana ukiwa ndani unasikia krrrrr tu, hujui ni wapi, na ukishuka gari limeshanyooka.

Na hapa ndipo mimi naingia! Usifikiri ni Jeruto peke yake. Nilikuwa nimekaa mlangoni natengeneza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nasugua mkaa ndani na ile sosiot, kijiti changu cha mtende. Jeruto anasema, "Ningekuwa na kitu cha kunionyesha mahali inapogusa." Nikamwambia, wewe, mimi ndani ya kibuyu siwezi kuona, najuaje sosiot imefika wapi? Si mkaa! Penye mkaa hapajaguswa, na pasipo mkaa pamesuguliwa. Alinitazama kama nimefungua Biblia. Tukachukua ule unga wa mkaa wa mti wa senetwet, tukaukoroga na mafuta ya ng'ombe, tukapaka ndani ya madigadi yote, springi, na kila kitu kilicho karibu na gurudumu. Lelgut mdomo wake mweupe, na kwapa nyeusi ti! Ungekuwepo ungesema tunamtahiri.

Halafu mzigo. Magunia ya mahindi yakaingia, lakini Jeruto akasema magunia hayatoshi, Kogo hatakuja peke yake. Nikawaita akina mama wa kanisa. Wamekuja wote, na vitambaa vyao. Mama Njeri alipanda wa kwanza, Lelgut akashuka upande mmoja, akasema, "Jeruto, kama hili tumbo langu halijagusisha tairi, hakuna mvua itakayogusisha!" Tuliimba, mzee wangu. Tuliimba ndani ya landrova isiyoenda popote, gurudumu moja juu ya kichuguu, lingine shimoni, na msichana wako anazungusha usukani mpaka mwisho huku, mpaka mwisho kule, anaenda mbele polepole, anarudi nyuma. Na tukasikia. Krrrrr.

Moyo wangu ulifanya mambo mawili. Ulishuka, kwa sababu inagusa. Na uliinuka, kwa sababu mkono wangu ulitafuta birika.

Jeruto hakushtuka. Alilala chini na tochi, akaita, "Mama, njoo uone kibuyu chako." Mkaa ulikuwa umefutika mahali pawili tu. Mbele, kwenye springi, usukani ukikatwa mpaka mwisho. Na nyuma, kwenye ukingo wa madigadi, mzigo ukizama. Mahali pawili! Na wewe ulikuwa umekata kila mahali isipokuwa hapo. Samahani, nimecheka. Hata wewe ungecheka.

Hakushika msumeno. Kule mbele kuna bolti inayozuia usukani usipite kiasi. Aliitoa nje kidogo, basi, gurudumu halifiki tena kwenye springi. Nitakuambia ukweli, sasa Lelgut anakata kona kwa upana kama trekta, langoni lazima urudi nyuma mara moja ndipo uingie. Kibet amelalamikia hilo. Mwache. Kule nyuma alikunja ukingo ndani kwa nyundo, taratibu, kama mtu anayekunja pindo la nguo. Kisha akakata vipande kutoka tairi lako lililopasuka, vile wanavyokata viatu vya akala, akavipanga chini ya ile raba ambayo ekseli hugonga mzigo ukizidi, ili ekseli isimame kabla tairi halijafika juu. Tairi lako, Baba Jeruto. Lile lililoliwa. Nililiweka nyuma ya choo sijui kwa nini, na sasa najua.

Tukapaka mkaa tena. Akina mama wakapanda tena, na Mama Njeri amekula ugali katikati, kwa hivyo mzigo ulizidi. Kichuguu, shimo, huku, kule. Kimya. Jeruto akachungulia makwapa yote. Mkaa umekaa kama ulivyopakwa.

Na jana ilinyesha ile mvua ya kweli. Kibet mwenyewe alikuja bila kuitwa. Akasema yeye hataki hadithi za masizi, atakaa nyuma, juu ya gurudumu, asikie na masikio yake. Alipanda na fimbo. Tukateremka mpaka mtoni, pale pale. Nilifunga macho, nakwambia ukweli, nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono yote. Maji yakaingia mpaka kwenye miguu yetu. Lelgut akayumba, akatafuta, akashika. Akatoka upande wa pili anapanda kilima anatupa matope nyuma kama fahali aliyekasirishwa. Krrrrr hakuna. Jeruto akageuza juu kabisa, akateremka tena, akavuka tena, na Kibet nyuma ameinamisha sikio sakafuni kama anasikiliza mchwa.

Tulipofika nyumbani Kibet alikaa tu humo ndani. Kisha akavua kofia, akasema, "Nitamwambia mtu wa vyuma asije." Akashuka. Akapiga Lelgut kofi mgongoni, vile mnavyopiga ng'ombe mliyempenda. Halafu akamwambia Jeruto, na hili niliandike kama alivyosema: "Ulizaliwa ndani ya gari hili njiani, tukakuita Jeruto kwa sababu ya safari. Mimi nilifikiri jina limekwisha kazi siku hiyo."

Unakumbuka siku hiyo wewe? Umenilaza juu ya magunia, unaendesha huku unaangalia nyuma, mimi nakupigia kelele uangalie mbele. Ukamfunika na koti lako la mvua.

Baba Jeruto, nyumba bado ni kubwa bila wewe. Upande wako wa kitanda naweka nguo zilizofuliwa, ili kuwe na kitu. Lakini sikuandika kulia. Nakuahidi Lelgut hatauzwa nikiwa na pumzi, na kuku hawatapanda tena, nimewajengea kwao. Na Jeruto akirudi gereji yake atarudi na kichwa juu, maana tayari watu wawili wa hapa wamekuja kuuliza kama anaweza kutazama gari zao. Nimewaambia wapange foleni.

Lala salama mzee wangu, lakini Jumamosi usilale sana. Jeruto anaondoka Ijumaa kwenda Timboroa, analala kwa dada yako, na asubuhi wanateremka na Kogo. Kogo atakaa mbele, kwenye kiti chako, na blanketi. Nyuma watakaa dada yako na watoto wake. Akina mama wa kanisa wanakuja, Mama Njeri analeta sukari, mchungaji amekubali, Kibet atachinja. Nimeacha kifusi kidogo cha udongo kando ya kaburi, nimekifunika na gunia kisilowe, ni cha mkono wa mama yako.

Usingoje kusikia ile krrrrr kwenye mkaratusi, haitakuwepo. Nimemwambia Jeruto apige honi hapo, ndefu, ili ujue wamefika na mimi nijue kuweka chai. Jumamosi, umande ukianza kukauka. Wote wanakuja Jumamosi.

Mimi wako,
Mama Jeruto