Mguu wa Kushoto wa Ashrafu

Mtawanya, Kibiti
Septemba 2003

Mwanangu Ashrafu,

Salamu zikukute huko chuoni ukiwa mzima. Sisi hatujambo, mikorosho imechanua, na tangu daraja la Ndundu lifunguliwe shangazi yako hatulii nyumbani.

Yule mtu wa bima alifika Jumanne. Alisema tu ametoka kwako, akaanza kuuliza umri wako, maradhi ya ukoo, na kama una kilema. Tukajua ametumwa na ndugu wa mwanamke unayetaka kumwoa, aje kukupeleleza. Baba yako akachinja jogoo, akaapa kuwa hujapata kuumia hata ukucha.

Mgeni alipokwisha kula ndipo akasema kampuni yake itakulipa ukivunjika mguu mpirani kabla hujasajiliwa na timu kubwa. Nikamwambia asikuchurie. Hapo bibi yako Mwanabibi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mguu wa kushoto nimeuunga mimi, alipoanguka mkoroshoni! Mnaificha kazi yangu?" Akamwonyesha mgeni alivyoufunga kwa vipande vya mianzi, mpaka ukanyooka.

Mgeni akaandika yote. Bima yako itakuwa ya mguu wa kulia tu.

Najua wa kushoto ndio unaofungia mabao. Usinune, baba. Bibi yako anasema huo mdhamini wake ni yeye, na ile mianzi bado ipo darini.

Akuombeaye kila swala,
Mama yako Zaitun