Gololi Zilizosuguliwa kwa Majivu

Kasulu, Jumatatu. Mvua inanyesha tangu alfajiri na bati linapiga kelele hadi mtu hajisikii. Afadhali.

Jumamosi mchana nilimpiga mke wangu.

Nimeandika "nilimpiga" baada ya kufuta "tulikwaruzana". Hatukukwaruzana. Nilimzaba kibao, akajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, akaanguka. Kiganja changu kiliwasha mpaka jioni.

Kisa ni gololi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nasomea shahada ya pili. Naandika programu ya kompyuta ya kukokotoa nguvu kati ya chembe mbili zinapogongana na kubonyea moja kwa moja, zisirudie umbo lake. Ili nipate vipimo, nilimpelekea fundi sufuria mbovu, akaziyeyusha na kunitengenezea gololi kubwa kama ndimu. Nazining'iniza kwa kamba, nazigonganisha, napima vishimo. Kila kishimo nilikizungushia wino na kukipa namba. Kazi ya wiki tatu.

Mke wangu, Godeliva, alizikuta mezani. Yeye aliona alumini ya sufuria yenye madoa meusi, na kwenye sufuria za Godeliva unaweza kujitazama meno. Akazisugua zote kwa majivu na mchanga, akazianika kwenye kichanja cha vyombo. Akaniita huku anacheka: "Mwalimu, njoo uone zinavyong'aa!"

Sikumwacha amalize kucheka.

Alipoinuka aliokota gololi moja, akapitisha kidole gumba juu yake. "Wino ndio umetoka, Mwalimu. Mashimo si yapo?"

Yalikuwepo. Yote. Ningeyatafuta kwa kidole na kuyapa namba upya, nusu saa tu.

Nikasema neno langu: "Basi, yaishe." Ndilo nililosema mwaka jana pia, siku ya mvua ya mawe, nilipompiga ngumi ya bega. Mara ile alilia siku mbili, kisha akanipakulia ugali na maisha yakaendelea. Safari hii hakulia. Alinijibu kwa lugha ya mama yake, aliyoanza kuongea akiwa mtoto kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila.

"Oya."

Maana yake hapana. Jana asubuhi alipanda basi kwenda kwa mama yake, Nyabibuye.

Nikabaki na gololi. Jana kutwa nimezigonganisha kwa hasira, natamani zipasuke. Mgongano wa kwanza zinabonyea, zinaachana kidogo tu. Wa pili, pale pale, kwa kasi ile ile, karibu hazibonyei tena. Zinarukia mbali zaidi.

Programu yangu haikuwahi kuonyesha hivyo. Kila mgongano ilitoa kishimo kipya, na kwa miezi nimeilaumu kompyuta, nikamlaumu na fundi. Leo asubuhi nimeuona mstari wenyewe ndani ya programu, niliuandika kwa mkono wangu: chembe zikiachana, kishimo ni sifuri. Kila mgongano ulianza kama vile hakuna kilichowahi kutokea.

Nimeufuta. Hesabu zimekubaliana na vipimo hapo hapo. Nilidhani siku hii ikifika nitaruka kwa furaha. Nimelia mbele ya kompyuta kama mjinga.

Kisha nimeshika simu. "Yaishe mke wangu, rudi nyumbani." Nimelitazama neno hilo, nikafuta ujumbe wote. Nikaandika mwingine: "Nilikupiga siku ya mvua ya mawe. Nimekupiga Jumamosi. Hukuwa na kosa, si siku ile wala juzi. Usirudi mpaka utake mwenyewe, na usipotaka nitaelewa."

Hilo la mwisho ni uongo. Sitaelewa, nitaumia vibaya sana. Nimelituma hivyo hivyo.

Ameusoma. Hajajibu.

Gololi ziko mezani, safi, hazina hata namba moja. Kesho nitaanza kuvipa vishimo namba upya, kimoja kimoja, nikivitafuta kwa kidole gumba kama alivyonionyesha.