Upepo Uliogonga Dirisha

Mjukuu wangu Keji,

Hapa mtaani Hai Cinema tu wazima, na mjomba wako amehamia nyumba yake ya Lemon Gaba. Unaniuliza utazoea lini kuwauliza wazee maswali ya aibu huko wodini unakofanya kazi. Ngoja nikuungamie jambo.

Wakati wa vita, nikiwa msichana wa miaka kumi na sita, nilimtafsiria daktari mgeni hospitalini, kwa kuwa nilisoma Kiingereza na Kiarabu. Mzee mmoja alipasuliwa tumbo. Daktari akataka kujua kama amejamba, maana bila hivyo utumbo bado umelala, hapaswi kula. Neno lile, kwa mzee? Nikauliza, "Baba, upepo umepita?"

"Tangu alfajiri, binti yangu. Husikii dirisha linavyogongwa?"

Nilijua hakunielewa. Hata hivyo nikamwambia daktari, "Ndiyo." Wakampa uji.

Kufikia jioni tumbo la mzee lilikuwa limevimba kama ngoma, naye anatapika. Nikakiri kosa langu kwa daktari, kisha nikamwuliza mzee kwa neno lenyewe, wodi nzima ikisikia.

"Bado," akasema kwa taabu. "Si ungesema hivyo tangu asubuhi?"

Wakampitishia bomba la mpira puani hadi tumboni, uji ukatoka. Siku ya tatu alijamba, akina mama waliokuwa wakiuguza wagonjwa wao wakapiga vigelegele. Akaniita, "Binti wa upepo! Mwambie daktari, na usibadilishe neno!"

Sijawahi kutamka neno kwa furaha kama nilivyolitamka lile.

Haboba wako, bibi anayekukumbuka