Baiskeli Kumi na Moja za Kituku

Papa,

Usiniulize habari. Nitakueleza miye mwenyewe, na ukimaliza kusikia utajuta siku ulinivalisha maski yako ya sudere, ile ya kuchomelea, ukasema, "Zawadi, weye njo utabaki na hii atelie." Muzee Bahati yuko kasho, amefungwa. Rafiki yako, ule mulitoka naye Masisi mukiwa vijana. Leo ni siku ya tisa analala kwenye sakafu ya sima tupu, na ni miye nilimuweka pale. Hakuna mutu anajua, hata Mama. Nakuambia weye kwanza kwa sababu huwezi kunipiga kofi, na kwa sababu mutu mwingine sina.

Ngoja nianze vizuri. Hukupenda mutu anayeanza kujenga na paa.

Unakumbuka karatasi yako ya mufuko wa sima, ile ya kujengea? Uliichora wiki ile uliyoanguka mbele ya mashine, maski ingali usoni. Ni banda la baiskeli la soko la Kituku, pale ziwani. Kile kichochoro kati ya ukuta wa mawe meusi na depo ya samaki, urefu wake hatua nne hazitoshi. Watu wanashuka kutoka Munigi na kabichi zao, wanaacha baiskeli pale juu ili waingie kwenye mitumbwi kununua samaki, na wakirudi wanakuta tairi hakuna, ao baiskeli nzima hakuna. Miye nilisema pale zinaingia tano, sita tukisukuma. Ukanicheka. "Weye unazilaza kama wagonjwa," ukasema. "Zisimamishe!"

Ukachora kila baiskeli imesimama kwa gurudumu la nyuma, la mbele limening'inia kwenye ndoano. Ndoano moja juu, inayofuata chini kidogo, tena juu, tena chini, ili usukani wa hii upite juu ya usukani wa jirani yake. Zikaingia kumi na moja. Paa la manjanja ya bati linaegemea ukuta, maji yanakwenda kwa jirani (na jirani alipiga kelele, tukamuwekea mufereji). Halafu bomba moja refu la chuma linapita ndani ya fremu zote, kama vile wanatunga samaki kwenye kamba. Huku mbele, kwa mulango, kufuli. Kule nyuma, ncha ya bomba inaingia ndani ya mwamba na kushikwa na sima. "Mwizi akitaka moja," ukasema, "abebe zote na mwamba wake." Ulifurahi na hiyo sentensi siku nzima. Mama alichoka kuisikia.

Nilijenga, Papa. Wiki tatu baada ya kuondoa kilio chako, nilijenga miye peke yangu, na watu walikuja kuangalia. Wamama wa samaki walisema, "Kumbe mutoto wa sudere ni sudere!" Nikavimba kichwa. Muzee Bahati akasema yeye njo atalinda, hataki mutu mwingine, ni kazi ya rafiki yake. Akaleta kiti chake, akakaa pale kwa mulango na ufunguo shingoni, akiwasalimia watu kana kwamba banda ni lake. Kila asubuhi alipangusa baiskeli ya kila mutu kwa kitambaa, hakuna aliyemuomba.

Sasa sikia kosa langu.

Goma huchimbi. Weye ulisema volkano ilishamwaga sima yake kabla yetu, kazi yetu ni kuomba ruhusa. Na ruhusa yako ilikuwa nyundo. Kabla ya kutoboa jiwe lolote uligonga, sikio karibu, ukisogea kidogo kidogo. Likisema ti, unatoboa. Likisema bu, unahama, kwa sababu ndani kuna hewa tupu. "Jiwe la hapa ni mukate," ulikuwa unasema, "ganda gumu, katikati tundu." Nilikuita dokta wa mawe. Siku moja kule Keshero uligonga ukuta wa watu asubuhi nzima mpaka mwenye nyumba na parseli akatoka na kuuliza kama umepoteza kitu ndani.

Miye sikugonga.

Nimejiambia ni kwa sababu ya nyundo yako, kwamba bado ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chako na sikuweza kuishika bila kulia. Hiyo ni uongo. Ningeweza kuazima nyundo yoyote. Umeme ulikuwa umerudi asubuhi ile, nilijua hautakaa, na kulikuwa na watu wamesimama wanaangalia. Niliona aibu kugonga jiwe kama mganga mbele yao. Nilitaka waone mwanamuke anatoboa mara moja na anamaliza. Nikatoboa. Mashine iliingia haraka sana, Papa, haraka kupita kawaida, mukono wangu ulisikia kabisa kwamba pale hakuna jiwe. Nikajaza sima, nikalainisha juu, nikapiga picha.

Siku ya wizi, mvua ya mawe ilinyesha saa nane muchana. Unajua ile yetu, inayopiga manjanja mpaka usisikie hata mutu anayekupigia kelele sikioni. Muzee Bahati alikimbilia chini ya paa la depo, hatua kumi tu, uso wake kwa mulango wa banda. Alisema mutu hakupita pale mbele, na ni kweli. Wezi walipanda ukuta wa nyuma. Walivuta bomba. Ganda la jiwe likapasuka, sima yangu ikatoka pamoja na bomba kama jino bovu, wakachomoa baiskeli moja moja kutoka kule mwisho na kuzipitisha juu ya ukuta. Zote kumi na moja.

Mvua ilipokatika, Muzee hakwenda kwa shefu wa mutaa, hakwenda kwa wenye baiskeli. Alikuja kwangu kwanza, mbio, na ile miguu yake ya uzee. "Zawadi, mutoto wangu, baiskeli hakuna. Sijue, sijue." Nikakimbia mpaka bandani. Yeye akaenda kuwaita wenye baiskeli kule chini sokoni. Nikabaki peke yangu ndani ya kichochoro, bomba liko chini na donge la sima kwenye ncha yake, na pale kwenye mwamba kuna tundu ningeweza kuingiza kichwa.

Papa, sikufikiria. Ao nilifikiria haraka kuliko siku zote za maisha yangu. Niliinua bomba, nikarudisha donge la sima ndani ya tundu, nikakandamiza vipande vya jiwe kando kando kwa vidole, nikapaka matope. Vidole vilitoka damu. Wenye baiskeli walipofika, bomba lilikuwa mahali pake, zima. Na kule mbele kufuli zima, halijaguswa.

Basi wakageuka wakamuangalia yeye. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Walimuuliza, akasema alikuwa chini ya paa, hakuona mutu. Wakauliza baiskeli zimetoka wapi kama kufuli ni zima na chuma ni kizima. Akaniangalia. Alingoja niseme kitu, miye fundi, na miye niliangalia chini. Mama mumoja wa Munigi, anayeuza kabichi, aligaagaa matopeni analia kwamba baiskeli ile njo ilikuwa inasomesha watoto wake. Wakamushika Muzee kwa shati. Shati likapasuka. Wakamupeleka kasho.

Nilijiambia kesho nitasema. Kesho yake nikajiambia wacha wapoe hasira. Hasira yao haikupoa, ni aibu yangu njo iliota mizizi. Kwa sababu sasa siyo tu kosa la kutogonga jiwe. Kosa lile mutu angenisamehe. Ni vile vidole.

Na Mama, ambaye hajui, kila siku anapika. "Mupelekee Muzee, hana mutu, muke wake alishakufa, yeye njo alilala nje kando ya moto siku zote za kilio cha baba yako." Ananifungia chakula, fufu na sombe. Miye nabeba. Nafika kasho, walinzi wanamutoa mpaka kwenye vyuma vya mulango, na anapokea sahani kwa mikono miwili. Anaomba kabla ya kula. Anamuomba Mungu alinde atelie yako. Anamuomba anilinde miye kwa jina! Halafu anakula polepole na kuniuliza kama kazi zinapatikana.

Jana alikohoa sana. Hakumaliza chakula. Akanishika kidole kupitia vyuma, akasema, "Zawadi, miye muzee. Nikifia humu, watoto wangu wako mbali, hawatajua. Weye njo utawaambia watu kwamba sikuiba. Watakuamini, weye ni mutoto wa baba yako."

Nilirudi nyumbani nikatapika nyuma ya choo.

Leo wenye baiskeli wanakutana kwenye uwanja wa kanisa baada ya misa. Wanataka kuamua kama wamupeleke mbele zaidi, gereza kubwa, kule ambako muzee wa umri wake hatoki. Nimeandika mpaka hapa nikiwa nimevaa nguo za kwenda, viatu viko miguuni, na bado nimekaa. Papa, nisaidie. Najua huwezi. Ungekuwa hai ungenishika sikio na kunivuta mpaka pale, na ningeenda nikilia, lakini ningeenda. Sasa ni nani atanivuta? Mutu wa kunivuta sikio hakuna. Ni miye na hii karatasi.

Kengele inalia. Naenda.

Nimerudi. Ni saa kumi, Mama amejifungia chumbani na hataki kusema na miye.

Nilisema. Sikusema vizuri. Nilipanga maneno njiani, yakapotea yote, nikasema tu, "Muzee Bahati hakuiba, bomba lilitoka kwenye jiwe, ni miye nililirudisha." Hawakuelewa. Ikabidi niwapeleke mpaka Kituku, kundi zima nyuma yangu kama watu wa mazishi, nikashika bomba mbele yao na kuvuta. Likatoka na mukono mumoja. Halafu yule mama wa kabichi akanipiga kofi, akanipiga la pili, na wengine wakamushika. Miye sikujikinga.

Mashine yako inakwenda kuuzwa, Papa. Mashine, meza, chuma chote kilichobaki. Nilikubali pale pale kwamba kila mutu atapata baiskeli, na hakuna njia nyingine. Atelie uliyoniachia imekwisha leo, miaka yako yote, na miye njo nimeimaliza kwa sababu niliona aibu kugonga jiwe. Lia kama unaweza kulia huko. Miye nimelia mpaka macho yamekauka.

Tulikwenda kumutoa, na shefu, na watu watatu. Muzee alitoka amevaa lile shati lililopasuka. Walimueleza. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama vile alikuwa anakusikiliza weye ukieleza mupango wa kazi. Nikapiga magoti pale mulangoni, kwenye vumbi. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige na fimbo. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku hizi tisa, ulikuwa unalala?"

Ningesema hapana. Ndilo neno ambalo mutu yeyote angesema. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, nikamujibu kweli.

"Nilikuwa nalala, Muzee."

Ni kweli, Papa. Hiyo njo inaniua. Nilikuwa nalia, natapika, halafu nalala, na nalala vizuri mpaka asubuhi. Akatikisa kichwa. Akachukua kitambaa chake na sahani ya Mama ya jana, akanirudishia sahani mukononi, imeoshwa, akapita. Nilimufuata mpaka kwake. Hakugeuka. Alifunga mulango polepole, bila kuupiga, na nikasikia komeo likiingia ndani.

Basi sikiliza, nimalize. Nitapeleka chakula pale kwa mulango wake kila siku, kama nilivyokuwa napeleka kasho, lakini sasa nitakipika miye, siyo Mama. Nitakiweka chini, nitamusalimia "Jambo, Muzee," nitaondoka. Asipokula nitakila miye kikiwa baridi kesho yake. Sitaomba musamaha tena, nimeshauomba, na kuurudia rudia ni kumusumbua muzee wa watu. Na weye sitakuandikia tena. Barua hizi ninazokuandikia tangu kilio zinanipa raha, nakusikia kama uko pale unachora, na miye raha hiyo sijaistahili wakati rafiki yako anafunga komeo akisikia miguu yangu. Siku atakayoitika ile "jambo" yangu, hata kwa kukohoa tu, siku hiyo nitachukua kalamu. Na kama hataitika, basi Papa, yale mazungumzo tuliyokuwa nayo weye na miye yameishia hapa, kwenye karatasi hii.

Lala salama. Usinisubiri.

Zawadi