Cheti Nilichomnyima Dada Maimuna

Jumapili, siku yangu ya mapumziko. Vumbi limeifunika International City, mtaa ninaoishi hapa Dubai, tangu asubuhi, hata jengo la pili silioni vizuri. Afadhali. Leo sitaki kuonekana na mtu.

Nina aibu. Naiandika mapema nisije nikaizungukazunguka kama kawaida yangu.

Binti yangu Rukia ana miaka tisa na anaishi Marekani kwa dada yangu Maimuna. Alizaliwa huko nilipokuwa nikisoma, kwa hiyo ana pasi ya huko. Mimi niko mapokezi katika hoteli moja mtaa wa Al Barsha, na nalala chumba kimoja na wanawake watatu. Hapa, ili mtoto awe chini ya viza yako, lazima uwe na mshahara wa kutosha na nyumba yenye mkataba kwa jina lako. Nilijaribu mara mbili, nikakwama mara mbili. Ndipo Dada akasema nimpelekee.

Wiki tatu zilizopita aliniandikia. Kwenye fomu zake za kodi ya mapato amejaza kuwa yeye ni mkuu wa kaya na Rukia ni mtegemezi wake. Sasa ofisi ya kodi inataka uthibitisho. Akaomba picha ya cheti changu cha kuzaliwa.

Nilipoliona neno mtegemezi, nikawaka. Huku Dubai mtegemezi ni mtu aliyeandikwa chini ya viza yako, na mzazi akitaka kumwandika mtoto, mwenzake hutoa barua kwamba hana pingamizi. Nikajua basi, ndiyo hii, mwanangu anahamishwa awe wa Dada. Sikuuliza. Nilisimama kwenye ngazi za wafanyakazi na sare yangu, nikamtumia ujumbe wa sauti: "Dada, mtoto ana mamake. Kama umekosa wako, usiandikishe wangu."

Dada hakujaliwa mtoto. Nilijua ninachosema.

Hakujibu. Cheti kilibaki kwenye bahasha ndani ya sanduku, na kila nilipotoa nguo nilikiona.

Jana wakati wa chakula nilimsimulia Bi Zuhura, Mzanzibari wa idara ya kufua nguo, nikitaka aniunge mkono. Mwanawe anaishi Marekani, na mambo haya huyasikia kila mwaka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, kodi hiyo haiulizi nani kamzaa. Yauliza kalala nyumba ya nani zaidi ya nusu mwaka, na nani anayeitunza nyumba hiyo. Haya, kalala kwako?"

Mwaka huo hakulala kwangu hata usiku mmoja.

Leo nimesoma maelezo yenyewe, na ndivyo yalivyo. Mtu asiye na mume wala mke, kama Dada, anayebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba na kukaa na mtoto zaidi ya nusu ya mwaka, hupunguziwa kodi. Mtoto wa ndugu anakubalika. Hakuna mama anayepokonywa mwana. Ila lazima udugu uonekane: cheti cha Rukia kina jina langu, na changu kina majina ya baba na mama, yale yale yaliyo kwenye cha Dada.

Kumbe aliulizwa tu kama mimi ni ndugu yake, na ushahidi niliukalia mimi.

Muda aliopewa unaisha Ijumaa. Akishindwa, ataongezewa kodi, na kosa lake ni kunilelea mwanangu. Nimekiweka cheti kitandani, nikakipiga picha, nikaituma.

Tangu tukiwa wadogo Dada hamalizi maneno na mimi bila kusema "mdogo wangu". Leo amejibu neno moja: "Imefika."

Ofisi ya kodi sasa itapata ushahidi kwamba sisi ni ndugu. Dada naye nimpe upi?