Mwezi wa Jumanne

Kuala Lumpur, Jumatatu, 28 Ramadhani

Baba shikamoo,

Saumu inakwendaje huko? Na goti la mama, linamruhusu kusujudu? Mimi mzima, ila usingizi haba. Naandika barua pepe kwa vile simu husikii tena, na mama nikimpigia anasikia hata nisichosema.

Hela yako ya kupanda upya michikichi iko salama. Kama tulivyoagana, asubuhi nanunua mikataba ya mawese, jioni nauza kabla soko halijafungwa saa kumi na mbili. Haijalala sokoni hata usiku mmoja. Lakini Baba, kila asubuhi bei inafunguka juu kuliko nilipouzia. Wanaolala na mikataba ndio wanaokula, mimi naokota makombo. Nataka kesho niiache ilale usiku mmoja tu, niuze Jumatano asubuhi, kisha Alhamisi iwe Idi.

Ila mwezi ukionekana kesho, Idi itakuwa Jumatano, nayo likizo ya Alhamisi na Ijumaa iko palepale, kwa hiyo soko halifunguliwi mpaka Jumatatu. Wewe ndiye mtu wa kamati ya mwezi. Utaonekana?

Mwanao, Badrul


Kluang, Jumatatu baada ya futari

Badrul mwanangu, marahaba.

Goti la mama yako liko vilevile, na ananilaumu mimi. Huku wiki nzima ni mawingu na mvua. Kesho tutapanda kilimani na darubini ya msikiti na kurudi na matope. Mwezi hautaonekana. Idi ni Alhamisi, hata kalenda imeandika hivyo.

Lakini hela isilale. Michikichi yangu ina miaka ishirini na saba, imerefuka hadi mvunaji anavuna kwa kukisia. Bwana Heng analeta katapila Jumamosi ya wiki ijayo, na miche yangu iko kitaluni inasubiri. Nina miaka sitini na sita, nikikosa kupanda mwaka huu sijui kama nitapanda tena. Uza jioni. Nimemaliza.

Baba yako


Kluang, Jumanne, saa tatu usiku

Mwanangu,

Kesho ni Idi. Mawingu yalipasuka kidogo upande wa magharibi, tumeuona mwezi, tukaapa mbele ya kadhi. Redio imeshatangaza. Mama yako anasuka vifuko vya majani vya wali wa ketupat huku anagomba, maana nyama haijaiva. Panda basi la usiku uje.

Na niambie kwamba uliuza jioni. Neno moja linatosha.

Baba yako


Kuala Lumpur, Alhamisi, Idi Pili

Baba shikamoo,

Idi njema kwako na kwa mama, ingawa nimechelewa. Idi ni siku ya kuombana radhi, na radhi ninayotaka kuomba ndiyo iliyonizuia kuja.

Sikuuza. Zilibaki dakika tano soko lifungwe, kidole kiko kwenye kitufe. Niliyakumbuka maneno yako ya mawingu, yale mengine nikajifanya sikuyasoma. Tangazo lilipotoka, hata kile kipindi kifupi cha biashara ya usiku kikafutwa.

Niliacha amri ya kuuza bei ikishuka, lakini amri hiyo haina kazi soko likiwa limefungwa. Likifunguka bei imesharuka chini, inauza popote itakapoikuta. Na Wamarekani hawana Idi, Baba. Mafuta yao ya soya yanashuka tangu jana, na mawese hufuata soya. Nimekaa chumbani na nguo ya Idi, natazama namba zinashuka na siwezi kugusa kitu. Naogopa. Mwambie Bwana Heng asubiri kwanza.

Mwanao, Badrul


Kuala Lumpur, Jumamosi

Baba shikamoo,

Natumai afya ipo na kinachokosekana ni mtandao tu. Sijapata jibu lako. Soya imeshuka tena. Bosi wangu Bi. Kamala amenipigia, akasema Jumatatu niuze mara soko likifunguka, nisikae kungoja bei irudi. Mama naye alipiga kuuliza mbona sikuja, nikamwambia nina homa.

Nijibu hata kwa kunitukana.

Mwanao, Badrul


Kuala Lumpur, Jumatatu asubuhi

Baba,

Nisamehe, leo sina salamu. Soko limefunguka asilimia saba chini. Nimeuza dakika ya kwanza. Mikataba ile nilikuwa nimeilipia dhamana tu, si bei nzima, kwa hiyo kushuka huko kumekula theluthi mbili za hela yako. Iliyobaki nimeituma benki yako sasa hivi.

Badrul


Kluang, Jumanne

Badrul mwanangu,

Marahaba zako zote za wiki hii, zipokee kwa pamoja. Hela imefika.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Nilikwambia isilale. Siku tano nimezunguka shambani nikiongea peke yangu, hadi mama yako akauliza kama hiyo homa yako umeniambukiza.

Kuna jambo sikukuandikia. Nilisema tumeuona mwezi. Niliuona mimi kwanza, peke yangu. Haji Mokhtar, mwenzangu wa kamati, alikuwa ameshainama anakusanya mkeka, na vilima vingine vyote vya kutazamia mwezi vilikuwa na mvua. Kadhi anataka mashahidi wawili. Ningenyamaza kidogo tu, wingu lingerudi na Idi ingekuwa Alhamisi. Nami nilikujua, nilijua hukuuza. Nilisimama pale nikakufikiria wewe, nikaifikiria miche yangu. Kisha nikaona kwamba watu wangefunga siku ya Idi kwa ajili ya shamba langu, nikamvuta Haji Mokhtar mkono aje atazame.

Kwa hiyo usidhani hela ile uliipoteza peke yako.

Bwana Heng nimemwambia akate ekari mbili badala ya nane. Hizo sita sidhani kama nitaziona zikizaa upya, na hilo linaniuma, sikufichi. Mama yako bado hajui. Usimwambie kwa simu. Njoo Ijumaa umwambie mwenyewe mezani, mimi nitakaa upande wako.

Baba yako