Jina la Kasisi Lisikose Mrithi

Milola, Lindi
Jumatatu, wiki ya pili ya Kwaresima

Kwa dada yangu mheshimiwa, Bi Zuwena, ambaye nyumbani tulikuita kwa jina la Stefania.

Shikamoo dada, na kwa nyumba yako yote hapo Mitwero, asalaam aleikum. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta u mzima, pamoja na shemeji Khamisi na mpwa wangu Huseni. Ukiniuliza hali yangu, nitajibu kama ilivyo desturi kwamba sijambo. Ila nakuomba usilishike jibu hilo hadi ufike mwisho.

Kilichonilazimu kuandika ni kanisa la Mjomba Eusebio. Unayakumbuka masimulizi ya marehemu mama: huyo mjomba wake alirudi na ukasisi kutoka masomoni, akakuta hapa hapana hata msalaba. Wazee wa ukoo wetu, ingawa wengi walikuwa Waislamu, wakamkatia kiwanja kwa mdomo, wakisema mtoto wao hawezi kusalia juani. Katika kibanda kile cha nyasi yalizaliwa makanisa ya vitongoji vyote hivi. Leo watoto wana bati na vipaza sauti. Mama yao ana ufa unaopitisha mkono.

Wajua pia kwamba si kanisa lililopewa kiwanja, bali ni jina la Kasisi. Mjomba alipofariki, mpwa wake alirithi vyote viwili, kisha nikarithi mimi. Ndiyo maana Milola nzima, hadi wachuuzi wa samaki, huniita Kasisi, ilhali hakuna askofu aliyewahi kuniwekea mikono.

Sasa ndugu yetu Tawakali, wa tumbo la bibi mdogo, ameitisha kikao cha ukoo. Ufuta wake umekwisha kufika chini ya dirisha la madhabahu. Alisema kwamba jina likikosa mrithi, kiwanja hurudi kwa ukoo, akaniuliza ni nani baada yangu. Nikataja wanangu. Watu wakaangua kicheko, na Bi Binti, mtani wetu, akaniambia, "We Kasisi, jogoo huwika tu, vifaranga ni vya kuku!" Alisema kweli: wanangu ni wa ukoo wa mama yao, na mrithi wa jina hutoka tumboni mwa dada.

Nilimwendea padre wetu kijana. Alinijibu kwa upole kwamba habari za majina na wajomba hazimo katika Injili, na kwamba sisi wachache tuliobaki tungeweza kuhamia kanisa la barabarani. Dada, kaburi la Mjomba limo katika kiwanja kile. Je, nalo lihame?

Hapa ndipo naungama. Kikao kilipolirudia swali, nilisimama nikaapa kwa kaburi hilo kwamba mrithi ni Huseni, na kwamba amekwisha kukubali. Hajakubali, hata hajaulizwa. Nilichelea kumwuliza, maana akirithi ataitwa Kasisi hata na wenzake watokapo msikitini. Tawakali akatabasamu, akasema, "Haya, aje mwenyewe Ijumaa hii, baada ya swala, tumsikie."

Pengine umejiuliza kwa nini sikupiga simu. Dada, kiapo kile ndicho kilichomaliza sauti yangu. Hospitali wameona uvimbe kooni. Wamenirudisha nyumbani, wala hawakunipangia siku ya kurudi.

Simwombi Huseni asali nasi, wala abadili lolote la dini yake. Namwomba aje na kofia yake kichwani, asimame mbele ya ukoo, na litakapoitwa jina la Kasisi, aitike. Wakiita nami nikiwa peke yangu pale, hapatasikika kitu.

Nisalimie shemeji Khamisi. Mwambie pweza aliyenitumia nilimfurahia, ingawa nilikunywa mchuzi tu. Wabusu wajukuu.

Wako mtiifu katika tumbo moja,
Evaristo, ambaye hadi Ijumaa angali Kasisi.